Mashine ya michezo imezimika: umeme kwanza, mchezo nyuma

Juma hii tunaacha kidogo mambo ya mishahara. Hayajaisha, munajua wenyewe, lakini yatatungoja. Vijana wetu wanaotengeneza simu na radio kando ya barabara wanaangaliaka video za mafundi wa Ulaya na Marekani wanaofufua mashine za michezo za zamani, zile kubwa za kusimama kama kabati, zenye ekra, vifungo na tundu la kutia feza ya chuma. Wakaja kutuuliza sisi mafundi wa umeme wa mgodi: ile kazi iko namna gani, inafanana na ya kwenu? Tukawajibu kwamba inafanana kuliko vile wanafikiri. Na tulipoanza kueleza, tukaona kwamba jibu linaingia mpaka mu nyumba zetu, juu mu mashine ile muko kioo kilekile cha televisheni za zamani, zile zenye mgongo mrefu nyuma. Njo maana tunaandika.

Tuanzie Marekani, mwaka 1972. Kampani changa ya Atari ilikuwa na mchezo mmoja mwepesi wa tenisi ya ekra, jina lake Pong. Aliyeujenga ni enjinia Al Alcorn. Mashine ya kujaribu waliiweka mu baa moja ya mji wa Sunnyvale, kule California, baa yenye kuitwa Andy Capp's Tavern. Siku hazikupita nyingi, simu ikalia: mashine yenu imekufa. Alcorn akaenda kuiona. Fundi mwingine angeanza kuchomoa karte na kutafuta kipande kilichoungua. Yeye alifungua upande wa feza. Chombo cha kupokelea kilikuwa kimejaa, feza zimefurika mpaka zikazuia kifaa cha kuzipokea. Mashine ilikuwa nzima. Ilikosa tu mahali pa kuweka chakula.

Mafundi wa kazi hii wanaipendaka hadithi ile, na sisi pia. Inachekesha, lakini iko na mafundisho ndani. "Imekufa" ni neno la mwenye mashine. Fundi haliandiki kwenye rapori yake. Hata kwetu, mukubwa wa kazi anapiga simu anasema pompi imekufa, unashuka, unakuta pompi iko muzima, paka kontakti moja imejaa vumbi. Fundi anauliza: umeme unafika wapi, na unaishia wapi?

Basi anafuata umeme kama mutu anayefuata bomba la maji. Prize kwanza. Halafu waya wa kutoka prize, suishi, fizibule, transfo. Kutoka transfo, umeme unapita mu vifaa vya kuunyoosha, maana wa prize unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na karte ya mchezo haitaki umeme wa kwenda na kurudi. Inataka umeme wa njia moja. Watu wa Kolwezi hawana haja ya kuelezwa sana hapa: laini ya Inga inasafiri karibu kilometa 1,700 ikibeba umeme wa njia moja, na ikifika kwao njo unageuzwa kuwa wa kwenda na kurudi. Mu kabati la mchezo ni kazi ileile kinyume, na ndogo sana.

Kisha kunyooshwa, umeme ule unapita kwenye kondensateri, zile kopo ndogo zinazotuliza mawimbi, kisha kwenye kifaa cha kuushikilia sawa, halafu unafika kwenye karte. Hapo namba kubwa ni moja: volti 5. Vipande vya mashine za miaka ya 1970 na 1980 vilijengwa kwa volti 5, na vinavumilia kutoka 4.75 mpaka 5.25. Chini ya pale, mashine haizimiki kila mara. Inachanganyikiwa. Inaandika takataka kwenye ekra, inajizima na kujiwasha, inacheza vizuri asubuhi na kugoma ikipata joto. Kijana asiyepima ataanza kubadilisha vipande vya akili ya mashine, kimoja kisha kingine, feza inaisha, na mashine inaendelea na wazimu wake.

Lakini pima kwenye karte yenyewe. Hii tunarudilia: kwenye karte, si kwenye alimentasio. Unaweza kupata 5.1 pale umeme unapotoka na 4.6 pale unapofika. Ile nusu volti imepotelea njiani, mu konekta iliyooza ao mu waya uliolegea. Na konekta inayokula volti inapata joto, joto linaiharibu zaidi, inakula zaidi. Alimentasio nyingi ziko na kisuruba kidogo cha kuongeza volti. Ni mtego. Ukiongeza bila kusafisha konekta, siku kontakti itakaporudi vizuri yenyewe, volti zote zitaingia kwa nguvu kwenye karte na kuiua kweli. Sisi tunaijua hali hii kwa kabeli ndefu za kushuka kwenye pompi za chini: juu mita inasema mambo mazuri, chini mota inanguruma na kukataa kuanza. Hakuna fundi wa mgodi anayepima juu tu na kwenda kula.

Pac-Man ni mfano mzuri, ile mashine ya Namco ya mwaka 1980 ambayo hata mutoto anatambua picha yake. Karte yake inapokea umeme wa kwenda na kurudi, karibu volti 7, na kuunyoosha juu yake yenyewe. Umeme wote ule unapita kwenye meno machache ya konekta ya ukingoni. Kisha miaka mingi ya kuwaka mchana na usiku, meno yale yanaungua, yanakuwa meusi, plastiki inageuka kama mukate uliosahauliwa kwenye moto. Fundi wa Pac-Man akifungua mulango, njo pale anatazama kwanza. Anabadilisha konekta, anasafisha meno ya karte, anaweka sudire mpya, na mara nyingi kazi imekwisha. Sudire ile ni bati na risasi. Bati, sisi watu wa nchi ya Manono, ya Maniema na ya Kivu, tunajua linatokaka wapi. Na shaba ya transfo, hatusemi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Wajapani walikubaliana juu ya konekta moja kwa mashine nyingi. Inaitwa JAMMA, iko na meno 56, na volti 5, volti 12 na masi ziko kila mara mahali palepale. Ilirahisisha kazi sana: unachomoa mchezo mmoja, unachomeka mwingine, kabati ni lilelile. Mbele ya pale, kila kampani ilikuwa na mupango wake, na fundi bila karatasi ya mashine alikuwa kama mutu anayeshuka mu shimo bila taa.

Sasa tuje kwenye jambo lililotushika sisi wa sendika zaidi ya mengine.

Mashine nyingi za Marekani ziko na suishi ndogo kwenye mulango wa nyuma. Ukifungua mulango, suishi inaachia na umeme unakatika wenyewe. Fundi anayetaka kupima umeme ukiwa ndani anaivuta kwa mukono, anajua anachofanya, na akifunga mulango suishi inarudi kazini. Ni ulinzi muzuri, wa bei rahisi. Lakini mafundi wanaofufua mashine hizi leo wanakutaka mara nyingi suishi ile imekatwa, waya mbili zimesokotwa pamoja na kufungwa plastiki. Juu ya nini? Juu suishi ilikuwa imechoka, ilikuwa inazima mashine katikati ya mchezo, na mashine iliyozimika haikusanyi feza. Mwenye baa hakutaka kungoja suishi mpya. Fundi wa kupita akasokota waya, akalipwa, akaenda zake.

Na fizibule vilevile. Palipoandikwa ampere 3 wanakuta ya 10, ao karatasi ya kungaa ya sigara imezungushwa juu ya fizibule iliyoungua. Fizibule iliwekwa pale iungue yenyewe ili waya zisiungue. Ukiinyima kuungua, itaungua transfo, ao kabati la mbao na nyumba nzima pamoja nalo. Kuungua kwa fizibule ni habari. Fundi anasoma ile habari: kama kioo chake kimekuwa cheusi kabisa, kuna waya zimegusana kwa nguvu, kama uzi wake umekatika tu katikati bila moshi, pengine ilichoka. Anatafuta sababu kwanza. Ikiungua ya pili, anaacha kuweka ya tatu.

Tulipoona picha za suishi zile zilizosokotwa, tulitazamana. Hatukuhitaji kwenda California. Mu kampani moja, jina tunaliacha, suishi ya mulango wa kabati la umeme la konkaseri ilifungwa na waya kwa miezi, kwa sababu mulango ulikuwa umepinda na suishi ilikuwa inasimamisha kazi. Fundi mwenzetu mmoja alifungua mulango akiamini umeme umekatika, kama ilivyoandikwa kwenye mulango wenyewe. Alipona, lakini vidole viwili vya mukono wa kuume havikunji tena. Rapori ilisema alikosa kujihadhari. Sisi tulisema, na tunaendelea kusema: maandishi ya mulango yalikuwa ya uongo, na aliyeyafanya kuwa uongo ni ule aliyekataa kutoa siku moja ya kunyoosha mulango.

Basi, vijana, mukifungua mashine ya mutu, hata iwe radio, mutafute kwanza kazi ya fundi aliyetangulia. Waya iliyosokotwa. Fizibule isiyo ya kipimo chake. Waya wa masi uliokatwa. Rudisheni ulinzi mahali pake mbele ya kutafuta ugonjwa. Mashine iliyoondolewa ulinzi inaweza kuonekana inatembea vizuri kabisa.

Tunafika kwenye ekra, na hapa tunaomba musome polepole.

Ekra ya mashine hizi ni tuyo ya kioo, ndani yake hakuna hewa. Ili kuchora picha, inahitaji umeme wa nguvu sana: kwa tuyo ya inchi 19, volti zaidi ya 20,000. Umeme ule unaingia kwa pembeni ya kioo, chini ya kofia ya mpira kama kikombe kidogo kilichofunikwa. Na tuyo yenyewe, kwa jinsi ilivyojengwa, inafanya kazi kama kondensateri kubwa. Unazima mashine, unachomoa prize, unaenda kula, unarudi, na umeme unaweza kuwa ungali mule. Mashine imezimwa, lakini haijalala.

Fundi wa umeme wa mgodi anajua neno la kazi hii: konsinyasio. Tunakata. Tunafunga na kufuli. Tunapima kuhakikisha hakuna umeme, na kipimo chenyewe tunakijaribu mbele na nyuma mahali penye umeme tunaoujua. Tunaunganisha na udongo. Njo tunagusa. Mafundi wa mashine za michezo, bila kusoma vitabu vyetu, wamefika kwenye utaratibu uleule, juu umeme hauko na kabila.

Kwa tuyo, inafanyika hivi. Prize imechomolewa na iko mbele ya macho yako. Saa na pete zimetoka mukononi. Unachukua turnevisi ya ulimi bapa, ndefu, yenye mushikio mzima wa plastiki. Waya wenye pinsi mbili: pinsi moja kwenye chuma cha turnevisi, nyingine kwenye fremu ya chuma inayoshika tuyo, pale unapolala ule waya uliosukwa nyuma ya kioo. Usishike kwenye mbao, wala kwenye karte ndogo ya shingoni. Mukono mumoja unauweka nyuma ya mugongo, ili umeme ukiruka usipite kwenye moyo kutoka mukono mpaka mukono. Halafu unaingiza ulimi wa turnevisi chini ya kofia ya mpira mpaka uguse chuma cha katikati. Pengine utasikia "tak", pengine hutasikia kitu. Unangoja dakika chache na kurudilia, kwa sababu umeme kidogo unarudi wenyewe kutoka ndani ya kioo.

Hapana kupima pale na multimetri ya kawaida. Multimetri nyingi zinaishia volti 600 ao 1,000. Ukiingiza 20,000, kipimo kitakufa na mukono ulioshika kipimo uko hatarini.

Na usisahau kondensateri kubwa za alimentasio ya ekra. Hizo zinabeba volti mia na zaidi, na kwa umeme wa kwetu wa 220 zinaweza kupita 300. Zenyewe unaweza kuzipima, na ukikuta volti, unazitoa kupitia rezistansi, si kwa kugonganisha na turnevisi. Kitu kingine: chuma cha ekra nyingi za zamani kimeungwa moja kwa moja na umeme wa prize, njo maana kabatini mwake wanaweka transfo ya kutenganisha. Ekra ya namna ile ukiitoa kabatini na kuiwasha juu ya meza bila transfo yake, chuma chake chote kinaweza kukupiga.

Ukishamaliza yale, ekra inasoma kwa urahisi. Mustari mmoja mweupe wa kulala katikati, juu na chini giza: sehemu ya kunyoosha picha juu na chini imeanguka. Zima haraka, mustari ule unachoma rangi ya kioo. Picha inatetemeka kama maji, ao pembe zimejikunja: kondensateri zimekauka. Ni vitu vyenye maji ndani, na kisha miaka 30 ao 40 maji yamekwenda. Mafundi wa mashine hizi wananunua furushi la kondensateri zote za ekra moja na kuzibadilisha kwa mara moja, wakiangalia upande wa kuongeza na wa kupunguza. Iliyowekwa kinyume inapasuka. Ekra nyeusi kabisa lakini mulio wa mchezo unasikika: karte iko nzima, tafuta kwenye ekra na fizibule yake.

Batri pia zinaua. Mashine ya Williams ya mwaka 1981, Defender, iko na batri tatu ndogo za kawaida za kukumbuka alama za washindi. Zikiachwa mule zinavuja, na maji yake yanakula shaba ya karte mpaka njia zinakatika. Na mu mashine za Capcom za kuanzia 1993, zile za mupango wa CPS-2, batri ilikuwa inashika siri ya kufungulia mchezo. Batri ikiisha, siri inapotea, na mchezo unakufa bila kipande kimoja kuungua. Zamani mwenye mashine alilazimika kurudisha kwa kampani. Baadaye mafundi wa kujitolea walipata njia ya kurudisha siri ile. Sisi tuliposikia, hatukuficha furaha yetu. Mutu aliyenunua mashine kwa feza yake halafu anaambiwa ufunguo uko kwa mwengine, tunajua anajisikia namna gani.

Kwa atakayepata mashine kutoka ngambo: tazama kibati cha nyuma mbele ya prize. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Kwetu 220, na kisha delestaje umeme unarudi na kishindo. Bila transfo ya kushusha, itaungua kwa sekunde moja.

Tumesema kioo hiki kimeingia mu nyumba zetu. Televisheni za mgongo zinatupwa sasa, na watoto wanazivunja kwa mawe ili kutoa bobini ya shaba iliyo shingoni. Kioo kile kina risasi ndani, na kwa kuwa hakina hewa, kinapasuka kuelekea ndani na kurusha vipande usoni. Ba mama, muwakataze. Bobini inatoka bila kuvunja: kisha kutoa umeme wa tuyo namna tulivyoeleza, mutu mzima anachomoa karte ndogo ya shingoni, analegeza kisuruba cha kola, anatoa vipande vya mpira vinavyoibana, anavuta polepole moja kwa moja nyuma. Ikigoma, gundi imeishika. Aiache pale pale, shaba ya bobini moja hailipi jicho.